Sura ya Saba: Kiberiti Kisichowaka

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili iliteleza ubavuni mwa kiberiti kama kidole juu ya kioo, bila cheche wala moshi. Sajini Mumbua Kitonga akavuta glavu zake vizuri, akachukua njiti ya tatu, akaikandamiza na kukwaruza mara nne. Hakuna kitu.

"Ukimaliza kucheza uniambie," alisema Inspekta Mkuu Kioko, mkuu wa kituo. "Yule mama anaenda kortini saa nane."

"Sichezi, afande. Najaribu kuwasha."

Mezani palikuwa na vitu viwili ambavyo Kioko aliviona vinatosha kumfunga mtu. Cha kwanza kilikuwa hicho kiberiti, kimevalishwa karatasi ya maua kwa nje, ndani kitupu. Kilikuwa kimeokotwa chini ya dirisha la nyuma la stoo ya Mzee Wathome kule Mumbuni, stoo iliyoungua alfajiri ya Jumapili. Cha pili kilikuwa ndoo ya rangi ya lita ishirini, imejaa njiti za kiberiti hadi juu, maelfu kwa maelfu, zote bila visanduku vyake. Ndoo ilitolewa chini ya kitanda cha Kalekye.

Kalekye hakuhitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote wa Mumbuni. Walimwita Mama Viberiti. Kwa miaka saba alikuwa akikata karatasi kwa wembe na kujenga ndani ya kisanduku cha kiberiti ulimwengu mzima: darasa lenye madawati na ubao, shamba la matuta lenye mahindi yanayochanua, chumba cha kinyozi chenye kioo. Aliviuza kwenye kibanda chake, katika kiwanja alichokodisha Wathome kwa mafundi kumi na mmoja. Wiki mbili zilizopita Wathome aliwapa mafundi hao notisi ya kuhama. Kumi walinyamaza. Kalekye alisema mbele ya watu kwamba mkataba una miaka sita mbele na yeye hatoki.

Halafu stoo ikaungua. Ndani yake mlikuwa na kabati la kikundi cha mafundi, na ndani ya kabati ndimo mlimokuwa na nakala yao ya mkataba. Mlinzi, mzee aitwaye Mbithi, aliunguzwa mikono yote miwili.

"Alikuwa na hasira, alikuwa na njiti, na kiberiti chake kimepatikana pale," Kioko alisema. "Unataka nini kingine? Aje na mshumaa?"

"Nataka unioneshe jinsi alivyowasha moto kwa kitu hiki." Mumbua alikisogeza kiberiti karibu na taa. "Tazama hapa ubavuni. Ile sehemu ya kahawia ya kukwaruzia haipo. Imebanduliwa, halafu pakapakwa vanishi. Kiberiti hiki hakiwaki, afande. Mtu aliyekwenda nacho pale kuchoma stoo angekaa hadi asubuhi akikwaruza."

Kioko alikitazama, akakohoa. "Aliwasha kwa kingine. Hiki kilimwanguka tu mfukoni."

"Inawezekana."

"Basi."

"Basi nitajua kilitoka mfukoni mwa nani." Alikifunga ndani ya mfuko wa plastiki. "Nipe hadi saa saba unusu."

"Saa saba kamili, Mumbua. Na kama hujapata kitu, utasaini hilo faili wewe mwenyewe."

"Kama sijapata kitu, faili utasaini wewe. Mimi siweki jina langu kwenye kitu ambacho sijakiamini."

Alitoka na mfuko mkononi.

Kalekye alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, miwani yake imefungwa sikioni kwa uzi mweusi. Aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na viatu mkononi, na akakataa kukaa mpaka alipokwisha kuvivaa.

"Habari ya asubuhi, mwaitu," Konstebo Mutinda alimwamkia, kwa lile neno ambalo Mkamba humwita mama yake.

"Kama mimi ni mama yako, mbona nimelala kwa simiti?"

Mutinda aliinamia daftari lake.

"Kabla hujauliza kitu," Kalekye alimwambia Mumbua, "tangu jana nimeletewa karatasi ya kusaini mara tatu. Sijasaini na sitasaini. Andika hiyo kwanza."

Mumbua aliandika, kisha akageuza karatasi. Kalekye alisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari.

"Ii, ni hivyo. Sasa uliza."

"Zile njiti kwenye ndoo."

"Ni zangu. Mimi nanunua kiberiti juu ya kisanduku. Njiti inabaki. Nitupe kwa choo? Majirani wanakuja kuchota wakitaka kuwasha jiko. Zingine ndio mbao zangu: ngazi, kitanda, ua la boma. Kama mnataka kushika kila mtu ako na njiti zangu, leteni lori."

"Na ubavu wa kuwashia?"

"Nabandua. Nalowesha na kitambaa, nabandua polepole, halafu napaka vanishi. Wateja wangu ni watoto na wageni. Siwezi uzia mtoto kitu ya moto. Hakuna kiberiti imetoka kwa hii mikono inaweza kuwasha hata sigara." Aliinua mikono yake mezani. Ilikuwa mikono iliyokaa miaka kumi na tisa kwenye meza ya kukatia vitambaa katika kiwanda cha nguo huko Athi River, na vidole vilikuwa bado vimenyooka. "Na huyo alinishika jana alikuwa nazo hapo mbele yake. Hakujaribu hata moja."

Mumbua alitoa mfuko wa plastiki, akaushikilia karibu na miwani ya mama yule bila kumpa.

"Ndani kulikuwa na kitu kimenyofolewa. Kimebaki kipande kwenye kona. Unakiona?"

Kilikuwa kipande cha karatasi ya bluu kisichozidi ukucha, kimegandia kwa gundi ya unga wa ngano. Juu yake palisomeka herufi nne nyeusi: KUHA.

Kalekye alitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu alipokamatwa, akacheka.

"Hiyo ni sakafu ya Wathome!"

"Sema vizuri."

"Notisi ya kuhama. Alitubandikia kwa milango, karatasi ya bluu, kila mtu yake. Wenzangu wakakaa chini wakalia. Mimi nikachukua wembe. Hiyo notisi yangu nikaikatakata, nikatengeneza geti lake, nikaweka mnyororo ya karatasi ya sigara, ile ya kung'aa. Halafu nikamweka yeye mwenyewe, amesimama ndani ya geti, amejifungia peke yake. Na sakafu ni hiyo notisi, maandishi yakiangalia juu ndio aikanyage." Alivua miwani na kuipangusa kwa ukingo wa lesso. "Alhamisi alikuja kwa mkutano. Nikampatia mbele ya mafundi wote. Nikamwambia, 'Mzee, hii ni notisi yako, nimekurudishia.'"

"Akafanya nini?"

"Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliweka kwa mfuko ya koti akaenda."

"Mbona hukusema haya jana?"

"Nani aliuliza? Jana nimeulizwa njiti masaa sita."

Mutinda alingoja wafike kwenye gari ndipo aseme lililomkaa kooni. "Sajini, huyu mama anaongea vizuri, lakini tuseme alitengeneza mbili. Moja akampa mzee, nyingine akaibakisha."

"Hilo ndilo tunalokwenda kuuliza daftari lake."

Nyumba ya Kalekye ilikuwa chumba kimoja kilichopangwa kama duka la saa. Viberiti vilisimama kwenye rafu, kila kimoja kimevutwa nusu ili mtu achungulie ndani. Mutinda aliinama mbele ya kimoja akasahau kuinuka: jiko la kuni, sufuria isiyozidi punje ya mahindi, na moshi uliochongwa kwa karatasi ya choo.

"Rafu ya pili, Sajini," alisema alipozinduka. "Kuna nafasi moja tupu katikati, na vumbi limeacha alama ya kisanduku. Kuna kimoja kimeondoka hapa juzijuzi."

Mumbua alipima alama ile kwa rula. Ilikuwa pana kuliko kiberiti cha kawaida mara mbili. Jirani aliyekuwa amesimama mlangoni akasema kwamba hapo palikuwa na kanisa lililojengwa kwa viberiti viwili, nalo liliuzwa Ijumaa kwa harusi. Aliyelinunua alipigiwa simu akakubali. Ile njia ikaishia hapo.

Madaftari yalikuwa chini ya meza, manne, ya shule. Kalekye alikuwa na desturi ambayo hakuna aliyemfundisha: alipokwisha kukata karatasi, hakutupa mabaki. Aliyabandika daftarini na kuandika chini yake ni ya kazi gani, ili akitaka umbo lile tena aone wembe ulipita wapi. Mumbua alifungua daftari la nne. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa na karatasi ya bluu iliyotobolewa kama wavu. Juu yake bado palisomeka NOTISI YA, kisha pengo, kisha KIWANJA, na chini kabisa jina la Kalekye kwa kalamu, na sahihi ya Wathome.

"Hesabu mapengo," Mumbua alisema.

"Geti, mbao mbili. Nguzo mbili. Mtu mmoja. Sakafu moja." Mutinda alihesabu tena kwa ncha ya kalamu. "Ni ya kazi moja tu. Hakuna nafasi ya ya pili."

"Na wenzake?"

Walipita kibanda kwa kibanda. Mafundi wote kumi walikuwa bado na notisi zao, nzima, mmoja ameikunja ndani ya Biblia. Na wote kumi, kila mmoja kando, walisema jambo lile lile: Alhamisi mzee alikitia kile kiberiti kwenye mfuko wa koti, mfuko wa kulia, akapanda gari.

Saa nne na nusu walikuwa hospitalini. Mbithi alikuwa ameketi kitandani, mikono yake miwili imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko, akiitazama kama si yake.

"Mzee, pole sana. Sitakuchosha," Mumbua alisema. "Jumamosi usiku ulikuwa wapi?"

"Kwa ndugu yangu, hapo hapo Mumbuni. Bosi alinipatia ruhusa. Aliniambia, nenda nyumbani Kithimani, pumzika, urudi Jumatatu."

"Ilikuwa zamu yako ya kupumzika?"

"Aa-aa. Mimi napumzika mwisho wa mwezi. Hata nilishangaa. Lakini mke wa ndugu yangu alikuwa amejifungua, nikasema wacha nimwone mtoto. Asubuhi nikienda misa ya kwanza nikaona moshi."

"Ukaingia kwa mlango?"

"Kwa mlango. Nilifungua kufuli na ufunguo yangu, ikanichoma hapa." Aliinua mkono wa kulia. "Moto ilikuwa upande ya kabati. Nilitaka kuvuta kabati nje. Kalekye aliniambia mkataba yao iko hapo, na kama ikipotea wamekwisha."

Mumbua aliacha kuandika. "Kufuli ilikuwa imefungwa?"

"Imefungwa kabisa."

"Dirisha la nyuma?"

"Liko na nondo na wavu wa kuku. Huwezi pitisha hata mkono."

Mumbua alikuwa ameuona wavu ule mwenyewe jana, mweusi kwa masizi lakini mzima, bila tundu.

"Funguo za kufuli hiyo ziko ngapi, mzee?"

"Mbili. Yangu na ya bosi." Mbithi alisema hivyo. Alilisikia neno lake mwenyewe likirudi masikioni. Akaligeukia dirisha.

Mzee Wathome aliwapokea sebuleni kwake, upande wa pili wa mji, katika nyumba yenye vigae vipya na kochi lililofunikwa vitambaa vya kufumwa. Alikuwa na miaka sitini na mitano, mnene wa shingo, amevaa koti hata ndani ya nyumba. Mkewe, Pauline, alileta chai, akaweka vikombe bila kusema neno, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni.

"Mama Mutanu, hii ni mambo ya polisi," Wathome alimwambia.

"Ni nyumba yangu pia," Pauline alisema. Hakuondoka.

Mumbua alianza kwa mambo mepesi: saa ngapi alipigiwa simu, nani alimpigia, kuna nini ndani ya stoo. Wathome alijibu kwa raha. Alisikitika juu ya Mbithi. Alisikitika hata juu ya Kalekye, mwanamke mwenye kipaji, ila kichwa kigumu.

"Ruhusa ya Mbithi ilikuwa ya nini?"

"Mzee amechoka. Nilimhurumia."

"Alhamisi Kalekye alikupa kiberiti."

"Aah, ile matusi." Wathome alitabasamu. "Nilichukua tu kwa heshima. Nilipotoka pale nilikitupa barabarani, kabla gari halijafika mbali. Mtu yeyote angeweza kuokota. Hata yeye mwenyewe."

Lilikuwa jibu zuri. Mumbua alilikubali kwa kichwa, kwa sababu hakuwa na la kulipinga. Mafundi walimwona akipanda gari. Hakuna aliyemwona dakika mbili mbele. Ufunguo ungemtia mashakani, lakini wakili yeyote angesema Mbithi naye alikuwa na wake. Alinyanyua kikombe ili apate muda wa kufikiri, na macho yake yakaenda juu ya bega la mzee, kwenye kabati la vioo ambamo watu huweka vyombo vya wageni.

Kati ya birika la maua na picha ya harusi palikuwa na kitu kidogo cha bluu, kimeegemezwa kwenye sahani. Kilikuwa na urefu wa kidole gumba. Kilikuwa geti. Mbele yake mnyororo mwembamba uling'aa.

Mumbua alikunywa chai. Aliweka kikombe chini polepole.

"Mzee, nisaidie ili nifunge hili faili. Konstebo ataandika hayo uliyosema kuhusu kiberiti, kwamba ulikitupa Alhamisi barabarani na hakikufika hapa nyumbani. Utasoma, utaweka sahihi."

"Hakuna shida."

Mutinda aliandika. Wathome alisoma, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe neno "kabisa" baada ya "hakikufika," akaweka sahihi kubwa yenye mkia.

"Asante," Mumbua alisema, akiikunja karatasi. "Sasa naomba kufunguliwa lile kabati."

Wathome aligeuka. Ilimchukua muda kuona, kwa maana halikuwa kabati la kutazamwa na mwanamume wa nyumba ile. Alipoona, aliinuka.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Imetoka kwa pipa la takataka," Pauline alisema.

Alikuwa amekwisha simama, ufunguo wa kabati mkononi. Alifungua kioo, akakitoa kile kigeti kwa vidole viwili kama mtu anayemshika kifaranga, akakiweka kwenye kiganja cha Mumbua, kilichokwisha valishwa glavu.

"Jumamosi jioni nilikuwa natoa takataka. Nikaikuta imechanwa, imetupwa juu ya maganda ya viazi. Kisanduku chake hakikuwa hapo. Nikaona ni kazi nzuri, nani ametupa kazi kama hii? Nikaipangusa na pamba, nikaficha kwa droo ya cherehani. Jana nikasikia wamemshika mama wa watu, na kiberiti chake kimepatikana kwa moto. Ndipo nikaelewa kisanduku kilienda wapi." Alizungumza bila kupandisha sauti. "Nikaitoa kwa droo, nikaweka hapo kwa kioo. Nikasema, kama kutakuja polisi mwenye macho, ataona. Na kama hatakuja, leo ningeipeleka kortini mimi mwenyewe."

"Pauline," Wathome alisema. Hakumwita Mama Mutanu tena. "Fikiria unachosema."

"Nimefikiria tangu jana. Nilikuwa nimekaa hapo ukila chakula cha mchana, nikikuangalia ukila."

Mumbua alikuwa amefungua mfuko wa plastiki mezani. Sakafu ya kigeti ilikosa kona moja. Hakuvitia pamoja, hiyo ni kazi ya maabara. Alivisogeza tu karibu, na Mutinda akainama na simu kupiga picha. Mpasuko wa huku na mpasuko wa kule vilifuatana jino kwa jino. Kwenye kigeti palibaki MA. Kwenye kiberiti, KUHA.

Wathome aliketi. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua njia za ofisini. "Mke hawezi kusimama kortini ashuhudie dhidi ya bwanake. Hata wewe unajua hiyo, Sajini. Hii mnayoandika ni kazi bure."

Mumbua alijua. Alikuwa akilitafutia jibu tangu mama yule aliposimama.

"Kwa kawaida ni kweli," alisema.

"Basi nywa chai yako uende."

"Baba Mutanu," Pauline alisema, "hicho kiwanja ni cha nani?"

Wathome alishika kikombe chake.

"Mwambie afande. Kilinunuliwa kwa jina la nani? Ni mimi niliuza shamba la baba yangu. Hati iko na majina mawili, na la kwanza ni langu. Ulinitaka nisaini umwuzie yule mtu anayetaka kujenga kituo cha petroli hapo, nikakataa, nikakuambia mafundi wako na mkataba. Ukasema utatafuta njia." Aligeuka kwa Mumbua. "Hiyo stoo alichoma ni mali yangu. Kuna sheria inanikataza kusema mtu amechoma mali yangu?"

Mumbua alifunga daftari. "Hapana, mama. Mwanandoa akiharibiwa mali yake na mwenzake, anaruhusiwa kusema. Hapo mlango uko wazi."

"Haya, ngoja nivae viatu."

"Ukitoka kwa huo mlango," Wathome alisema, akiinuka nusu, "usirudi."

Pauline alikuwa amekwisha pata kiatu kimoja. Alivaa cha pili akiwa amesimama, akishikilia ukuta, akachukua mkoba wake na shuka la mabegani.

"Nitarudi," alisema. "Ni wewe utakuwa haupo."

Mutinda akamsomea Mzee Wathome haki zake, kwa sauti ya wazi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, naye mzee akivitazama vikombe ambavyo hakuna aliyemaliza.

Walifika kituoni saa saba kasoro dakika tano. Gari la korti lilikuwa limeegeshwa mlangoni, injini inanguruma. Kioko alisoma karatasi ya Wathome yenye sahihi, akatazama picha za ile mipasuko, akatazama daftari lenye ile karatasi ya bluu yenye mapengo, akarudi kwenye karatasi. Nje, dereva wa gari la korti akapiga honi.

"Mwambie azime," Kioko alisema.

Kwenye chumba cha pili, Konstebo Mutinda alitaka kumwandikia Pauline maelezo yake. Pauline alimnyang'anya kalamu kwa upole. "Nilifundisha darasa la nane miaka ishirini, kijana wangu. Nitaandika mwenyewe." Akaanza juu kabisa ya ukurasa, kwa mwandiko uliosimama wima: Mimi Pauline, mwenye nusu ya kiwanja na nusu ya stoo iliyochomwa, nasema hivi.

Kalekye aliletwa kaunta. Alirudishiwa mkoba wake, simu yake, na ndoo. Kioko mwenyewe alimsogezea kitabu.

"Mama, uko huru. Weka sahihi hapa ya kupokea vitu vyako, uende nyumbani."

Kalekye alisoma ule mstari mpaka mwisho. Kisha akavuta benchi, akaketi, akaiweka ndoo kati ya miguu yake.

"Siendi."

"Mama, nimesema uko huru."

"Nimesikia. Jana mlinitoa kwa kibanda yangu saa sita mchana, watu wametoka kanisa. Mmoja amenishika mkono, mwingine amenishika kiuno kama mwizi ya kuku. Wateja wangu walikuwa hapo. Watoto walikuwa hapo. Na wewe ulisimama ukasema kwa nguvu, 'Tumepata aliyechoma.' Sasa unataka nitoke na mlango ya nyuma, nikifika huko nianze kueleza mtu mmoja mmoja? Aiee, hapana. Mlinitoa na gari, mtanirudisha na gari. Na wewe mwenyewe ndio utasema, hapo hapo uliposimama, na sauti ile ile."

"Sajini Mumbua atakupeleka," Kioko alisema.

"Huyu hakunikosea. Mimi nataka wewe."

Askari wa zamu aliangalia kalamu yake. Mumbua aliegemea ukuta, mikono ameikunja, na hakumsaidia mkubwa wake hata kwa kukohoa.

"Na nikikataa?" Kioko aliuliza.

"Nitalala hapa kwa benchi. Simiti yenu nimeshaizoea."

Kioko alimtazama, kisha akamtazama Mumbua, kisha saa ya ukutani. Akavuta pumzi ndefu. Alinyoosha mkono, akachukua kofia yake kwenye msumari, akaivaa, akaiweka sawa, akatangulia mlangoni na kumfungulia mama gari.